Mdudu wa Kijivu Upande wa Nondo

Mgeta

Mjukuu wangu Mkunde,

Marahaba. Huku hatujambo. Mama yako anavuna njegere, na babu yako bado anabishana na redio.

Unauliza kama ninaamini ulivyoambiwa huko Peru, kwamba yule mdudu wa kijivu aliyefuata taa yako ni kipepeo, si nondo. Naamini, maana nilimwona nikiwa msichana.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, malori ya Dar yakawa yanapanda kwetu kufuata mboga. Siku moja nilimpelekea kabichi mwalimu wa sekondari, nikamkuta akipanga wadudu wakavu aliotumiwa na rafiki yake aliye Amerika, vipepeo kulia, nondo kushoto. Wa kijivu alikuwa kushoto, pamoja na gamba la pupa, alimolala akiwa kiwavi hadi akaota mabawa.

"Mwalimu, huyu si wa upande wa nondo," nikasema, kisha nikaogopa. Mimi niliishia darasa la saba.

"Kwa nini?"

"Gamba lake limefungwa uzi kiunoni, kama la vipepeo wa kwenye mlimau wetu. Nondo sijawaona hivyo."

Hakunicheka. Alimwandikia rafiki yake, na masika ilipokwisha jibu likaja: hata wataalamu walikuwa wameanza kumhesabu kipepeo. Mwalimu akanipa kibano.

"Mhamishe wewe."

Nikamhamishia kulia, kwa vipepeo.

Mwalimu aliniambia pia kwamba masikio ya mdudu yule yako kwenye mabawa. Nilitafuta sana, sikuyaona. Wewe unaye akiwa hai, mjukuu wangu. Hebu mtazame kwa niaba yangu.

Bibi yako