Ngoma Iliyokatizwa Njiani

Baba Muhonja mpendwa,

"Mtu mwenye akili timamu hapotezi fahamu mbele za Mungu. Ngoma ile ni ya watu ambao hawakusoma." Hivyo ndivyo mchungaji wetu mpya alivyoiambia kamati ya kanisa, na wazee wakatikisa vichwa kukubali. Wameamua ngoma yako itolewe kanisani Jumatatu ijayo. Kuna hoteli mjini inayoitaka kwa mapambo, iwekwe karibu na maua ya plastiki.

Nakuandikia wewe, lakini barua hii nimeiacha wazi makusudi. Nitaibandika kwenye mlango wa kanisa asubuhi ya Jumapili, na anayetaka kuisoma aisome.

Hawakusoma! Wewe uliyefundisha hesabu sekondari mpaka ugonjwa ukakutoa darasani. Ijumaa ulikuwa unasahihisha mitihani ya kidato cha nne, Jumapili unavaa kanzu nyeupe na kubeba ngoma begani, na hukuona ugomvi wowote kati ya kalamu nyekundu na mkwiro wa ngoma. Niliyeuona ni mimi, na niliusema kwa sauti, maana unajua sijawahi kunyamaza mahali panaponihitaji niseme, wala mahali pasiponihitaji.

Unakumbuka Jumapili ya kwanza uliponipeleka kanisani kwenu Shinyalu? Nilikuwa bibi arusi, mwalimu kama wewe, mwenye vitabu vingi kichwani, nikakaa karibu na mlango ili niweze kutoka. Wimbo ulianza taratibu, ukaupokea kwa ngoma, ukaupandisha. Kukhu Selina, nyanya yule mwembamba wa jirani yenu, akasimama, akaanza kuzunguka pale pale alipo, amefumba macho, anatamka maneno ambayo hayakuwa Kiluhya wala Kiswahili. Nilidhani ataanguka. Hakuanguka. Ulikuwa unamtazama yeye tu, na ulipoona imetosha ukaanza kushusha, kidogo kidogo, mpaka mlio wa ngoma ukawa kama hatua za mtu anayerudi nyumbani bila haraka. Kukhu akaketi. Akafungua macho, akatazama kulia na kushoto.

"Nani amekalia kitambaa changu?"

Kilikuwa chini yangu. Kanisa zima lilicheka, na mimi, niliyekuja kuwachunguza, nikawa ndiye wa kuchekwa.

Tulipokuwa tukirudi kwa miguu kati ya mahindi nilikuuliza, "Na wewe, Roho anakuchukuanga lini?"

"Mimi siendi. Mimi ni wa kurudisha watu."

"Na wasiporudishwa?"

"Wanabaki njiani."

"Njiani wapi?"

"Mwalimu, wewe unaulizanga kama mkaguzi wa shule. Nimeoa ama nimekaguliwa?"

Jibu nililiona miaka mingi baadaye, ulipokuwa kitandani na malaria na Shem, msaidizi wako wa ngoma, akapiga badala yako. Kukhu Selina alikuwa katikati ya kuzunguka, simu ya Shem ikalia mfukoni, naye akaiacha ngoma ili aipokee. Basi. Kukhu akatoka mlangoni, macho wazi lakini haoni, akapita lango la kwake mwenyewe, akaingia kwenye mashamba ya chai, akawapita watu bila kuwasalimu. Walikuja kukuita mbio. Ulijitanda blanketi, ukakaa kwenye ukingo wa njia, ukaanza kupiga. Nilishangaa kwamba hukuanza polepole. Ulianza pale pale Shem alipoachia, kwa kasi ile ile, ukapandisha hadi juu, ndipo ukashusha. Uliniambia baadaye kwamba huwezi kumrudisha mtu kutoka mahali ambapo hujamfuata. Lazima umfikie kwanza.

Kukhu alitokea kwenye chai, upindo wa kanzu umelowa, amekasirika.

"Mbona umechelewa hivi?"

"Kukhu, niko mgonjwa."

"Mgonjwa gani anakaa kwa baridi kupiga ngoma? Mke wako hana akili?"

Hata hapo lawama iliniangukia mimi.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichopata kuhusu jambo hili. Madaktari wana maneno yao na wahubiri wana yao, na nimebishana na wote. Kosa lao ni moja: wanadhani wanaokwenda ni wachache, tena wajinga. Mchungaji na amtazame dereva wa boda boda anayefika Mumias na hakumbuki daraja alilovuka. Awatazame waungwana kwenye uwanja wa ng'ombe, fahali wawili wanaposhikana pembe na meneja wa benki anarukaruka viatu vimemtoka. Aende kwa majirani zetu Waislamu wakati wa dhikri, aone mabega yanavyoyumba pamoja, na mwenye kuongoza anavyojua wakati wa kuwatuliza. Amtazame kijana wa mjini aliyeinamia simu, chai inapoa mkononi, mama yake anamwita mara ya tatu.

Na ajitazame yeye mwenyewe. Jumapili kinanda kinapolia polepole kwenye vipaza sauti, mchungaji hufumba macho, huyumba, machozi yanamtoka, na ananena maneno yasiyo ya lugha yoyote tunayoijua. Simcheki. Namwona amekwenda kweli. Lakini kati yake na Kukhu Selina naona tofauti moja tu, nayo ni umeme. Binadamu hawezi kukaa ndani ya kichwa chake siku zote. Atatoka, kwa mlango huu au ule. Ninyi watu wa ngoma mlilijua hilo, mkaweka mtu wa kulinda mlango. Hiyo ndiyo akili timamu ninayoijua mimi.

Sasa nakuja kwa lile ambalo sijamwambia mtu.

Siku ya kukuzika, Shem alibeba ngoma yako mbele ya jeneza. Mimi sikuwa na nia ya chochote zaidi ya kusimama wima. Lakini nilipokuwa natembea nyuma yako, ngoma ikaniingia miguuni, ikapanda. Sikuziona tena nyuso za watu. Kulikuwa na weupe tu, na wewe ulikuwa karibu, Baba Muhonja, karibu kama mtu aliye upande wa pili wa pazia. Mimi! Mimi niliyebishana na maaskofu! Siliiti jambo hilo Roho, wala sitamruhusu mtu aliite wazimu. Nasema tu kwamba nilikuwa naenda.

Ndipo mchungaji akainua mkono. "Inatosha. Ngoma inyamaze, tuheshimu marehemu." Shem akanyamaza. Kinanda kikaanza.

Sijarudi tangu siku hiyo.

Nasonga ugali wa watu wawili, kisha nasimama na mwiko mkononi, sijui nampakulia nani. Nikienda sokoni Shinyalu nashtukia nimefika, na njia yote haimo kichwani. Watu wananisalimu, nawasikia kwa mbali kama wako ng'ambo ya mto. Muhonja amenipigia simu kutoka Nairobi: "Mum, enda uone daktari." Nilikwenda. Daktari ni mtu mwema, alisema ni huzuni, akanipa vidonge vya usingizi. Sibishani naye. Usingizi nimepata. Lakini kuamka ndiko kunakonishinda. Naamka, na bado niko kule. Nimekwama kati ya hapa na ulipo wewe, na hata huko sikuoni. Ni upweke wa ajabu, mume wangu, kutokuwa na wewe wala bila wewe.

Umewarudisha wanawake wa kanisa zima. Mkeo peke yake ndiye aliyeachwa njiani.

Usinisubiri huko, basi. Nenda salama, na kama kuna ngoma, safari hii mwachie mwingine aipige, na wewe uchukuliwe kama wenzako.

Na ninyi wazee wa kamati, mlioketi mkatikisa vichwa, sasa nasema nanyi. Wengi wenu mama zenu walirudishwa na ngoma hii. Mnaijua vizuri kuliko mnavyokiri. Hoteli itanunua mapambo mengine. Jumapili hii, baada ya ibada, chukueni ngoma mlete kaburini, aje Shem, na simu yake aiache nyumbani. Aanze pale pale mlipomkatiza, kwa kasi ile ile. Apandishe kwanza. Nitakuwa nimesimama pale. Kisha, polepole, anirudishe.

Mkeo,
Mama Muhonja