Kengele Aliyoilegeza Mwanao

Nyumba ya Madirisha ya Bluu,
Ghorofa ya Pili, Nyuma ya Bandari.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za dada yako, nzito kama gunia la nguo mbichi. Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje, au bado unabeba vitu kama una miaka ishirini? Na wifi yangu je? Mwambie nimemsamehe kwa kutoniandikia tangu mwaka uanze, ila asizoee. Mimi ni mzima. Miguu inavimba kwa kusimama kwenye meza ya pasi, lakini mikono ni ile ile. Bandari nzima inajua kuwa ovaroli iliyopita kwangu unaweza kuivaa ukaenda nayo harusini.

Najua habari za moto zilikufikia kwa redio. Najua pia ulizungumza na mwanao Ijumaa, na ulichomwambia nimekisikia, maana simu yake inapaza sauti. Kwa hiyo vaa miwani, kaa, usome mpaka mwisho. Usishike simu kabla hujamaliza.

Kwanza, wote wawili wako hai. Binti yangu ameungua mikono hadi viwiko na nyusi hana hata moja. Mwanao hana jeraha, ila sikio la kushoto halisikii vizuri. Yuko kwangu, chumba cha mbele, kwenye godoro jipya. Sijampa la zamani, mimi si kama wifi yangu.

Binti yangu unamjua. Tangu shule walimwita Komando, na mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha mchimbaji katika meli ile ni yeye, nimemzaa mimi, na nitalisema hilo mpaka nizikwe. Ile meli inaelea juu ya maji ya kina cha mita elfu moja na mia tano, na kisima kinaanzia huko chini, sakafuni mwa bahari. Kinachozuia gesi isipande ni tope zito wanalolisukuma ndani ya bomba. Tope linashuka, linazunguka, linarudi juu kwenye matangi. Na juu ya mdomo wa kisima wamefunga mtambo mkubwa kama nyumba ya ghorofa, wa kukikaba kisima kikileta fujo. Wenyewe wanauita Kabali. Naongea kama niliyesomea, na kweli nimesomea. Mwalimu wangu ni binti yangu, darasa langu ni meza ya pasi.

Kazi ya mwanao ilikuwa kulinda yale matangi. Tope likizidi humo, maana yake chini kuna kitu kinalisukuma, na kengele inalia. Kazi ile nilimtafutia mimi. Usisahau, nami sitakuacha usahau.

Basi wiki hii ilipoanza bahari ilichafuka. Meli ikilala ubavu, tope linahamia upande mmoja wa tangi na kengele inalia bure. Siku moja ililia mara kumi na tisa. Kila ikilia wanasimamisha kazi, wanakiangalia kisima, hakuna kitu. Msimamizi wao, ambaye wote wanamwita Tumechelewa kwa kuwa hiyo ndiyo salamu yake ya asubuhi, akamjia juu mwanao mbele ya watu: "Wewe unalinda matangi au unalea kichanga? Kila kikilia unakurupuka!" Watu wakacheka. Asiyecheka alikuwa Mzee wa Kreni peke yake, yule anayeendesha kreni yao ya kunyanyulia mizigo.

Jioni ile mwanao akanipigia. Sasa hapa, mdogo wangu, soma polepole.

Akasema, "Shangazi, nimechoka kuwasimamisha watu bure. Hata Dada wanamtazama vibaya kwa ajili yangu."

Nami nilikuwa nimeshajigamba mtaa mzima kwamba nina watoto wawili melini, mmoja anachimba na mwingine analinda. Nikamjibu, "Mwanangu, usinitie aibu. Mwanamume hashtuki kwa kila mlio. Tafuta namna kengele hiyo itulie."

Maneno yangu hayo, kutoka kinywa hiki. Akatafuta namna. Akakilegeza kipimo, kengele isilie mpaka tope liongezeke mara nne ya kiwango cha mwanzo. Binti yangu anasema walinzi wengi wanafanya hivyo bahari ikichafuka, halafu ikitulia wanarudisha. Bahari ilitulia Jumanne. Mwanao hakurudisha. Alisahau, basi, kama mtu anavyosahau kufunga bomba la maji. Siku nzima palikuwa kimya, na Tumechelewa akampiga begani: "Umeona sasa? Umekua."

Jumatano saa nane mchana kisima kikaanza kusukuma. Tope likapanda matangini, likapanda, kengele imenyamaza. Ilipokuja kulia, gesi ilikuwa imeshapita Kabali na iko njiani kuja juu, na gesi ikikaribia juu inajitanua kama kichaa aliyekatiwa kamba.

Unanijua kwa kutia chumvi. Leo chumvi nimeiacha mkebeni.

Tope lilifyatuka kupitia sakafu ya kuchimbia likapita kilele cha mnara. Lilimkuta kijana mmoja wa mabomba likamtupa kwenye nguzo, na mwenzake aliyekuwa hatua tatu pembeni aliwahi kusema kwamba aliisikia mifupa ikivunjika. Huyo mwenzake naye hakumaliza siku. Kisha ikaja gesi yenyewe, kwa mlio uliowafanya watu washike vichwa. Injini za meli zikaivuta hiyo gesi, zikazunguka kwa kasi ya wazimu mpaka taa zote zikapasuka moja baada ya nyingine. Kisha moto. Binti yangu anasema hakuuona ukija. Ulikuwa umeshafika.

Kioo cha kibanda chake kilimpasukia usoni. Tayari alikuwa ameminya kitufe cha Kabali, na mpira mkubwa wa juu ulifunga, lakini presha iliuchana kama karatasi. Likabaki jambo moja, yale makasi ya chuma ya Kabali yanayolikata bomba na kuufumba mdomo wa kisima moja kwa moja. Akaminya. Kimya. Nyaya zilikuwa zimeungua.

Kitufe cha pili kiko chumba cha nahodha, mita sitini mbele. Moshi ulikuwa mzito, haoni vidole vyake, njia pekee ilikuwa kushika reli na kuifuata. Reli ilikuwa ya moto kama pasi yangu, mdogo wangu. Aliishika mita zote sitini. Ngozi ya viganja vyake ilibaki huko.

Alipoingia, nahodha akamfokea, "Nani amekuruhusu kukata?"

Akamjibu, "Utanifukuza tukifika nchi kavu." Akaminya kwa kiwiko, maana vidole havikumtii tena.

Makasi yakakata. Moto uliendelea kula gesi iliyokuwa imebaki njiani, kisha ukaanza kunywea. Toka tope liruke hadi hapo ni dakika kumi na moja.

Mwanao wakati huo alikuwa kwenye boti za kuokolea, anawapakia majeruhi. Amembeba mtu mgongoni ambaye mguu wake ulikuwa umeshikwa na suruali tu. Nasema suruali, kwa sababu ovaroli ya mwanao nimeifua mwenyewe, mara tano, na najua kilichotoka ndani yake. Juu ya boti hizo mkono wa kreni ulikuwa unaning'inia, waya wake umeanza kukatika. Mzee wa Kreni angeweza kushuka. Alibaki kibandani kuuzungusha mkono ule uelekee baharini.

Mwanao akamlilia kutoka chini, "Shuka, Mzee! Shuka!"

Akajibu, "Pakia watu wewe! Mimi nina lifti yangu."

Mkono ulipokwisha kutoka juu ya boti, mlipuko wa pili ukapiga. Kile kibanda kiling'oka kama jino. Kilianguka kinawaka, na yeye alikuwa ndani, na mwanao alikuwa anakitazama. Watu sabini na sita walikuwa kwenye boti zile. Waliokufa ni watatu.

Ovaroli ya pili ya Mzee wa Kreni ninayo hapa. Aliiacha kabla ya zamu, nimeipiga pasi, inaning'inia kwenye ndoano yake. Kila nikigeuka najikuta nataka kumwambia iko tayari.

Gazeti likamtoa binti yangu picha ukurasa wa mbele, na likaandika kwamba kengele ilikuwa mbovu. Niligawa nakala kumi na moja mtaani. Hata mwenye bucha anayo, ameibandika ukutani. Mwanao hakugusa chakula tangu ashuke botini, kisha Alhamisi usiku akaniita chumba cha mbele akaniambia ukweli wote, huku anatazama mikono yake. Nilikaa sakafuni.

Siku ya pili yake, Ijumaa, akaja Tumechelewa, viatu vipya, na karatasi. Karatasi inasema kengele ilikuja na ubovu kutoka kiwandani. Mwanao aitie sahihi, basi, hataulizwa kitu. Asipotia, akasema ukweli mbele ya tume ya uchunguzi, anaweza kunyang'anywa cheti, anaweza kushtakiwa. Ndipo ukapiga wewe, ukamwambia, "Tia sahihi, mwanangu, waliokufa hawarudi."

Nakuelewa. Ni mwanao wa pekee. Lakini sikiliza. Jana nilimpeleka hospitali kwa dada yake. Alisimama mlangoni kama mdaiwa. Binti yangu akamtazama weee, kisha akasema, "Ungeirudisha Jumanne, sasa hivi ningekuwa na nyusi." Akacheka, kicheko kikageuka kilio, wakalia wote wawili, na mimi siwezi kusema sikulia. Kisha akamwambia, "Meli ziko nane zenye kengele hizo. Ukisema ni mbovu, watabadilisha kengele. Walinzi wataendelea kulegeza. Nenda kaseme."

Tume inakaa Alhamisi. Karatasi ya Tumechelewa ameirudisha bila sahihi, ameikunja vizuri kabisa, hata mimi nisingekunja vile. Ameniomba nimpigie pasi shati jeupe.

Nami nimejiandikisha kutoa ushahidi. Karani aliniuliza, "Mama, wewe ulikuwepo melini?" Nikamwambia sikuwepo, lakini sauti yangu ilikuwepo. Nitasema nilichomwambia kwenye simu. Na zile nakala kumi na moja nimezipitia nyumba kwa nyumba nikizikusanya tena. Nimepata tisa. Mwenye bucha amekataa kubandua, anasema picha ni nzuri. Kweli ni nzuri.

Basi ombi langu ni hili moja. Mpigie Jumatano, usimwambie tena anyamaze. Anakuogopa kuliko anavyoiogopa tume, na ukimwambia neno moja tu ataifuata ile karatasi atie sahihi, nami nitakuwa nimempoteza kwa namna nyingine. Nimejisifia binti yangu miaka yote hii mpaka umechoka, najua. Sasa nataka kumsifia wako, na sitaki unizuie.

Wasalimie wifi yangu na mama mkwe wako, na yule fundi viatu jirani yenu aliyewahi kunitaka, mwambie bado nafikiria. Mungu akulinde mgongo na akulainishe moyo.

Ni mimi dada yako akupendaye kuliko anavyokugombeza,
Mama Komando.

Tena: Jumatano akipokea, usianze na kisima. Anza kwa kumuuliza kama amekula. Nitakuwa jikoni, nataka nimsikie akikujibu.