Ulanga Wako na Ulanga Wetu

Ifakara,
Septemba 1954

Kaka yangu mpenzi Nikodemu,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya milima ya Uluguru haijakukondesha. Huku baba hajambo, ila goti linamsumbua akitoka shambani. Mimi ni mzima, na mwanangu Antoni ameanza kutembea. Kila anachokifikia anakivunja. Mpunga mwaka huu tumepata, nguruwe hawakututenda vibaya sana.

Rafiki yako Fridolin alifika Jumapili, tumetoka tu kanisani, akatukabidhi kifurushi chako. Kwa uzito wake nilidhani ni nguo. Kumbe mawe! Nisikufiche, nilikasirika kidogo. Lakini alichukua kisu, akachomeka ncha ubavuni mwa jiwe, nalo likaachana majani majani, kila jani jembamba kama ganda la kitunguu. Tukachungulia kupitia humo, tukawaona kuku wa jirani yetu Balbina wamekuwa wekundu kama waliopakwa mawese.

Jani jingine akalitia kwenye makaa. Tulingoja liungue, halikuungua, wala halikupasuka kama vioo vya taa vinavyotutia hasara. Akasema hata umeme haupiti humo, ndiyo maana Wazungu huliweka ndani ya pasi na redio. Balbina akauliza, kama umeme haupiti, hiyo redio inasemaje. Fridolin alimjibu kirefu kama katekista. Nusu yake sikuielewa, ila nilifurahi kumsikia mtu akiisifu kazi yako.

Baba hakuwa nasi muda huo. Kaka, hujui, na ndiyo maana nakuandikia: jina lako lilikuwa halitajwi mbele yake. Fridolin alipokutaja mara ya kwanza, baba aliinuka akaenda kunoa jembe, siku ya Bwana. Lile jani ndilo lililomrudisha. Alilielekeza juani, akaligeuza huku na huku, kisha akauliza taratibu, “Hiki kitu jina lake nini?”

“Ulanga, baba,” Fridolin akasema. “Mimi na Nikodemu tunafanya kazi ya ulanga, kule milimani Morogoro.”

Baba alikaa chini palepale mavumbini, na nguo zake za kanisani.

Ndipo tulipoelewa. Mwaka jana ulimwagiza Mwinyimvua mwenye duka atuambie kwamba umepata kazi kwenye ulanga. Alipofika alituambia uko Ulanga, umepata kazi. Sisi Ulanga tunayoijua ni hii yetu, mto wetu na Mahenge yetu hapo ng'ambo. Tukaamini kwamba uko Mahenge, karibu hivyo, na hutaki kuvuka mto kuja kutusalimu.

Nimezunguka vya kutosha, kaka. Kaa chini kwanza. Fridolin alisema jani kubwa kuliko yote ni la mama, aliweke kwenye taa yake. Mama hatunaye. Alifariki wakati wa masika. Homa ilimchukua upesi. Alipozidiwa tulituma watu wakutafute Mahenge. Walikuulizia misheni, walikuulizia sokoni, wakarudi wenyewe. Tulipomzika bila wewe, baba alisema hana tena mtoto wa kiume.

Barua hii nampa Fridolin akuletee mwenyewe, na nimemwomba asiondoke karibu yako unapoisoma. Usimkatalie. Mimi ningekuja kulia nawe kama ningeweza.

Baba analia tangu Jumapili. Ameniambia niandike kwamba anakuomba radhi. Nilisita, maana sijawahi kusikia mzazi akimwomba radhi mwanawe, naye akaniambia niandike hivyohivyo. Anataka uje, akupeleke kaburini yeye mwenyewe, na goti lake hilo.

Na hili ni lako, ulishike. Wale watu waliporudi bila wewe, mama alikuwa bado anasema. Baba akaanza kukulaumu pale kitandani, mama akamkatiza: “Nikodemu hajasikia. Angesikia angekuja.” Hakuongeza neno juu ya jambo hilo, na alifariki akiamini hivyo.

Balbina anakusalimu, na Antoni, ambaye hakujui bado, nimemfundisha kutamka jina lako. Sasa linatajwa humu ndani asubuhi na jioni.

Mungu akulinde njiani.

Ni mimi mdogo wako ninayekungoja,
Aurelia