Mzazi wa Kwenye Kompyuta ya Mama Kilolo

Mwanjelwa,
Mbeya.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Hamza,

Assalaam aleikum. Natumaini karatasi hii itawakuta wazima huko Ndola, wewe, wifi yangu Bahiya na Adamu. Kifua chako vipi? Au bado unakunywa maji ya baridi asubuhi kama mtu asiyekuwa na dada wa kumgombeza? Sisi afya tunazo, alhamdulillahi. Baridi imepungua, limebaki vumbi. Vitenge dukani navipangusa mara mbili kwa siku na bado wateja wanapiga chafya.

Najua umeshangaa kupata barua ya mkono. Nimempa Jofrey, dereva wa lori la saruji, anavuka Tunduma kesho. Sikukupigia wala sikukutumia meseji, na nawe ukishasoma usinipigie kuhusu jambo hili. Sababu utaiona mbele.

Ni ile kompyuta uliyomtumia mpwa wako mwezi wa kwanza. Sikulaumu, tena usianze kujilaumu, maana nakujua. Uliniambia niiwekee ulinzi wa mzazi kwanza ndiyo nimpe mtoto. Nilikusikiliza, haki ya Mungu. Ndiyo maana inaniuma.

Niliipeleka kwa Abrahamu, yule fundi wa simu aliyekuwa na meza jirani na duka langu. Huku kwetu nani anajifungulia akaunti mwenyewe? Tunamwachia fundi, tunakwenda kununua nyanya, tukirudi kila kitu tayari na paswedi anaikumbuka yeye. Siku hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi, simu yangu ilikuwa imezima. Akasema si tabu, kwenye nafasi ya mzazi ataweka namba yake, nikishachaji atabadilisha. Nikasema sawa. Dukani wateja walikuwa wananisubiri.

Halafu akaniuliza jina la mtoto. Unajua mwenyewe kwamba jina la marehemu mama mkwe silitamki, sijalitamka tangu niolewe. Selemani alipompa binti jina la mama yake, mimi nikamwita Mama Kilolo, kwa kuwa bibi yake alikuwa wa Kilolo, na nyumba nzima ikafuata. Shuleni na madrasa wanamwita kwa jina la cheti. Mama Kilolo ni jina la humu ndani tu. Sasa nimesimama mbele ya Abrahamu, mdomo wenyewe ukatoa Mama Kilolo. Akacheka, akaandika hivyo hivyo.

Basi akanionyesha. Mtoto ana saa moja kwa siku. Kitu kibaya hakifunguki. Akitaka muda zaidi anabonyeza ombi, linakwenda kwa mzazi, mzazi anakubali au anakataa. Hata ramani ipo, inamwonyesha mzazi kompyuta iko mtaa gani. Nilirudi nyumbani najiona mama wa kisasa kweli kweli! Ile namba sikukumbuka tena kumwambia aibadilishe. Hapo ndipo nilipokosea, na ninaliandika kwa mkono wangu.

Mwezi wa nane nikaona mtoto habanduki, toka alasiri mpaka magharibi yupo pale. Nikamfokea. Akanitazama kwa mshangao, akaniambia, "Mama, si umeniongezea mwenyewe?" Akanifungulia nione. Mzazi amekubali. Mzazi amekubali. Ukurasa mzima, Hamza, na mimi sijawahi kukubali hata mara moja.

Kwanza nilidhani ni Abrahamu, kwa wema wake, hataki kunisumbua. Siku hizi yuko Chunya kwenye dhahabu, nikamtafuta mpaka nikampata. Akasema ile laini aliiacha tangu Ramadhani, na laini ikikaa muda bila kutumika hupewa mtu mwingine, na kila kinachotumwa kwa namba hiyo kinamfikia yeye. Nikamuuliza mtu gani. Akasema dada Bibie, hilo mimi nitalijuaje?

Yarabi, laiti lingekuwa hilo tu! Huyo mzazi alikuwa ameingiza programu ya kuandikiana ambayo mtoto hakuiomba, na alikuwa anamwandikia humo kila siku. Mtoto alijua ni mimi naandika kutoka dukani. Nimezisoma zote nimekaa sakafuni. Hakuna tusi, hakuna neno chafu hata moja. Anamuuliza umekula. Anamuuliza nikichelewa utakuwa na nani hapo nyumbani. Baba amekwambia anarudi lini? Ufunguo umeuweka wapi leo? Madrasa mnatoka saa ngapi siku hizi?

Na mwanangu amejibu kila swali. Mtoto wa adabu, tuliyemfundisha mkubwa akiuliza anajibiwa. Ameandika kwamba baba yuko Mafinga kwenye mbao mpaka mwisho wa mwezi. Ameandika ufunguo uko chini ya ndoo ya bluu. Chini yake huyo mtu amemjibu: vizuri mwanangu.

Tulikwenda polisi, wameandika maelezo na namba wanayo. Wametukataza kumwandikia. Selemani alikuja kutoka Mafinga, akabadilisha kitasa, akakaa siku nne, akarudi kwa sababu lori lilikuwa linamsubiri kupakia. Mimi nikaifunga kompyuta kwenye khanga nikaitia kabatini. Nikajua tumemaliza.

Alhamisi iliyopita, kabla ya alasiri, mwanamume mmoja alifika madrasa na pikipiki. Helmeti hakuivua. Alitoa salamu vizuri tu, akamwambia ustadhati Nasrin kwamba mama amekwama dukani, amemtuma aje kumchukua Mama Kilolo. Nasrin akamwambia hapa hatuna mtoto wa jina hilo. Alisema kweli, kwenye daftari lake halimo. Yule mtu angeondoka zake.

Lakini mwanangu alikuwa ndani na alisikia akiitwa jina lake la nyumbani. Alifunga msahafu, akachukua mkoba, akatoka. Nasrin anasema alishavaa kiatu kimoja. Akamshika mkono hapo hapo, akamgeukia yule mtu amuulize yeye ni nani. Yule akasema ngoja nimpigie mama yake, akawasha pikipiki, akaenda. Uso wake hakuna aliyeuona. Mpaka leo, mteja mwanamume akiingia dukani namtazama mikono, namsikiliza sauti, najiuliza kama ni yeye. Naogopa, Hamza. Sina neno lingine la kulipamba.

Sasa ombi langu. Njoo umchukue akae kwenu mpaka huyu mtu apatikane. Selemani amekubali, na shuleni nimeshaaga. Njoo wewe mwenyewe, usimtume mtu, hata awe rafiki yako wa kufa. Nimemfundisha asitoke kwa yeyote atakayesema ametumwa na mama. Kwa hiyo ukifika usilitaje jina langu, kaa barazani akuone uso, akukimbilie mwenyewe.

Na shika hili zaidi ya yote. Akaunti ya simu yangu nayo aliifungua Abrahamu, kwa namba ile ile. Sijui huyo mtu anasoma nini na anaandika nini kwa jina langu. Ukipata ujumbe kwamba nimebadilisha mawazo, mambo yametulia, usije, huyo si mimi. Wewe njoo tu.

Selemani anakusalimu sana. Ustadhati Nasrin naye anakusalimu, ingawa hamjuani. Tangu siku ile analala kwetu. Mpe wifi pole ya safari yako, maana yeye ndiye atakayebaki na nyumba, na Adamu mwambie shangazi yake anamkumbuka, amwandalie dada yake nafasi kitandani.

Mpwa wako anakusalimu pia. Lile jina la Kilolo tumeliacha, halitajwi tena humu ndani. Jana asubuhi nilimwomba radhi marehemu mama mkwe, nikasimama mlango wa uani, nikaliita jina lenyewe kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Naima. Alikuwa anafua soksi, amenipa mgongo. Nikaita tena, kwa sauti. Hakugeuka. Baadaye aliniambia, "Nilisikia, ila niliona hiyo si sauti ya mama, kwa sababu mama haniiti hivyo."

Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akufikishe kwetu kabla ya mwingine yeyote.

Dada yako akupendaye,
Bibie