Simu ya Kwanza ya Mnara wa Komoro

Halima, mtoto wa dada yangu, pokea salamu za kisiwani, wewe na wote wa Bujumbura,

Tonton wako, mjomba wako fundi, amesimamisha mnara wa simu! Vyuma, betri na paneli za jua wamevilipia wafadhili wa ng'ambo, lakini mgongo uliovipandisha ni huu wangu. Nilipofika juu kabisa nililiona Ziwa Tanganyika. Asiyeamini aje apande.

Basi redio ikasema maji ya mafuriko yameingia Gatumba, mtaani kwenu, na mnara bado haujawashwa, sina njia ya kuwapigia. Hata samaki wa nazi wa huku nilimwacha sahanini.

Siku ya kuwasha, kijiji kizima kilikuja. Huku anayetangulia katika kila jambo ni mzee aliyefanya harusi kubwa ya kulisha mji mzima, kwa hiyo simu ya kwanza ilikuwa ya Mzee Saidi, ampigie mwanawe Ufaransa. Akaishika, akanitazama, akanipa.

"Mwanangu hajazungukwa na maji. Piga wewe, fundi."

Ukapokea: "Tonton, apana lia! Tulikimbilia Kanyosha, batoto bote bazima!" Mi sikulia, lilikuwa jasho. Uwanja mzima ukaitika alhamdulillahi.

Mungu awazidishie waliotoa pesa, na yule mzee. Namba yako ameiandika ukutani kwake, na kila akitoka msikitini ananiuliza kama maji yameshuka. Akikupigia, mpokee kwa heshima, mama. Sasa una wajomba wawili, ila mwenye sura nzuri ni mimi.

Wabusu watoto,
Tonton Juma