Mwalimu Asiyeinua Mkono

Jumatatu, 3 Juni

Magunia ghalani tangu asubuhi. Kupima, kuandika, kupima. Vumbi la kahawa limenijaa puani hadi chai haina ladha. Saa nane utingo wa basi la Muleba akaniita dirishani, ana salamu za Mama. Kaijage amekata mkungu mwingine wa ndizi kibanjani kwetu. Safari hii mchana kweupe, Mama akimtazama.

Kaijage ni mtoto wa baba mkubwa. Mabega yake hayapiti mlangoni bila kugeuka upande. Anasema siku hizi ardhi ni ya umma, ndio Ujamaa huo. Ujamaa gani wa kuvuna migomba ya mjane! Balozi wa nyumba kumi anacheka tu. Amekwisha kunyweshwa rubisi na Kaijage.

Na ametuma neno. Siku ya kumaliza msiba wa Tata, baba yangu, nikikanyaga pale atanivunja miguu.

Siku yenyewe ni Jumamosi, tarehe 6 Julai. Ukoo utakutana kumkalisha mrithi kwenye kiti cha Tata na kumshikisha mkuki. Mrithi ni mimi, mtoto wa kiume pekee. Nisipoonekana, kiti hakitabaki wazi. Atakikalia Kaijage, na Mama atatoka na sufuria zake kichwani.

Mimi sijawahi kupigana. Shuleni nilikuwa nawashikia mashati wenzangu waliopigana. Naogopa.

Jumatano, 5 Juni

Nimeamua. Nitajifunza kupigana.

Nimekosea kuwauliza akina mama wanaochambua kahawa kama wanamjua mwalimu yeyote. Wamecheka mpaka kahawa ikamwagika. Mmoja akasema, "Elia mwanangu, wewe hata kuku akikukodolea macho unampisha." Kweli tupu, ndiyo maana imeniuma.

Tata naye hakuwa mtu wa fujo. Mzee wa usharika, sauti ya chini. Ukiongea naye anageuza shingo, sikio la kulia mbele, kama vile kila neno lako ni zawadi. Watu wa kanisani walimpenda kwa hilo. Nimerithi upole wake, heshima yake sikuirithi.

Jumamosi, 8 Juni

Karate. Ukumbi ulioko nyuma ya soko. Mwalimu ni kijana aliyerudi kutoka Dar, amevaa nguo nyeupe za kulalia, ana mkanda mweusi. Wanafunzi wote wameona sinema moja na wanapiga kelele za sinema hiyo.

Nimerusha teke. Suruali imepasuka kutoka mbele hadi nyuma.

Kijana akavunja ubao kwa kiganja. Makofi. Nikauokota, nikakuta alama ya msumeno katikati. Nikamwuliza itachukua muda gani niweze kusimama mbele ya mtu mwenye nguvu. Akasema mwaka wa kwanza ni salamu na mikao. Salamu! Kaijage atanisubiri nimsalimie?

Nimerudi nyumbani nimejifunga koti kiunoni.

Alhamisi, 13 Juni

Kaijage alikuja ghalani leo na kahawa yake. Nilimwona akiwa getini bado. Nikaenda nyuma ya magunia, nikachuchumaa kama mtu aliyedondosha kalamu. Nilimsikia akiuliza, "Karani wenu mrithi yuko wapi?" Akina mama wakasema nimetumwa bandarini. Hawakucheka baada ya hapo. Afadhali wangecheka.

Nina aibu mpaka sitaki kula.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya ibada nikapanda gari kwenda upande wa Rubya. Nilisikia kuna Bruda mgeni anafundisha judo vijana wa misheni, juu ya magodoro yaliyojazwa majani makavu ya migomba. Mimi Mlutheri, lakini miguu ikivunjwa haiulizwi dhehebu.

Nilitazama dirishani. Vijana wanatupana na kucheka. Nikapenda. Mtu mdogo alimtupa mkubwa! Moyo ukanidunda kwa furaha, mara ya kwanza mwezi huu.

Bruda ni mtu mwema. Akauliza nataka kumwangusha nani. Mjinga mimi, nikamwambia. Akatikisa kichwa. Hafundishi mtu mwenye jina kichwani. Tena wanaoanza wanajifunza kuanguka tu kwa muda mrefu. Kuanguka! Hiyo najua bila mwalimu.

Ameahidi kuniombea. Nimemshukuru. Njia nzima nilikuwa na hasira naye, kisha na mimi mwenyewe.

Sikupita kumwona Mama, na hapakuwa mbali. Niliogopa kupita njia ya kwa Kaijage.

Jumanne, 18 Juni

Sili vizuri. Mmoja wa akina mama, yule yule wa maneno ya kuku, ameniita pembeni. Ndondi. Niende Kemondo kwa Ta Rutta, fundi seremala, aliyewahi kupigana mpaka Kampala. Hakuna aliyemshinda katika mwambao huu. Akasema, "Ila ni mzee wa kujisikia, mpe sifa kwanza."

Jumamosi, 22 Juni

Siku mbaya. Niiandike tu.

Ta Rutta ana kibanda cha useremala karibu na bandari. Vitanda, majeneza, picha yake ya ujana akiwa na kaptula na kifua wazi. Nyuma ya kibanda kuna gunia la maganda ya kahawa linaning'inia kwenye boriti, vijana wanalipiga kwa zamu. Hana kelele. Anamgusa mtu kiwiko, kiwiko kinakaa sawa. Nilijua papo hapo, hapa ndipo. Nikampa sifa za picha. Akafurahi sana.

Akaniambia niinue mikono, anipime. Akanyanyua ngumi. Kisha akauliza, kama watu wanavyouliza, "Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtaja Tata.

Mikono yake ikashuka. Ikashuka kabisa, nikaona imekuwa mizito. Akawafukuza vijana. Akaniambia jambo ambalo sikulijua. Yeye na Tata walichanjana ujanani, wakala omukago, undugu wa damu. Punje mbili za buni moja, kila mmoja akameza ya mwenzake yenye damu. Tata hakutuambia kamwe, kwa ajili ya kanisa. Aliyekula omukago hamwinulii mkono ndugu yake wala mtu yeyote wa nyumba ile. Akivunja, tumbo litavimba na ukoo wake hautapona. Kiapo kinafunga nyumba zote mbili.

Kwa hiyo hawezi kunipiga. Na ndondi haifundishwi bila kupigwa. Hawezi hata kuwaruhusu vijana wake wanipige mbele yake.

Nikasema basi, baba, njoo unitetee. Akasema, "Na Kaijage ni wa nyumba ile ile, waitu, mwanangu. Siwezi kumgusa."

Lo! Mwalimu bora mkoa mzima, na Tata alimfunga mikono kabla sijazaliwa. Nimelia kwenye basi. Utingo akajifanya anahesabu abiria.

Jumatano, 26 Juni

Nimerudi Kemondo baada ya kazi. Sina pengine pa kwenda. Nikamwambia sitaondoka. Nikakaa juu ya jeneza ambalo halijapigwa msasa.

Akaranda mbao bila kuniangalia. Akatema mate. Mwishoni akasema, "Simama pale."

Akanisimamisha mbele ya gunia. Miguu hivi, pumzi hivi, mikono chini. Akalivuta gunia nyuma, akaliachia. Likaja usoni. Nikafumba macho, likanipiga pua. Damu. Nikamwuliza kiapo je.

"Gunia halikula omukago," akasema.

Akasema ugonjwa wangu si mikono. Ni macho. Mwoga hufumba macho kabla ya ngumi kufika, basi anapigwa na kitu asichokijua, na ndiyo maana kinakuwa kikubwa. Kwanza nijifunze kuona.

Jumamosi, 29 Juni

Gunia. Nafumba. Gunia. Nafumba. Ta Rutta ananitukana kwa Kihaya, kisha anakumbuka mimi ni mwanawe, anaomba radhi, anatukana tena.

Jioni nimeliona mara moja. Lote, mpaka mshono. Likanigonga shavu, nami nilikuwa nalitazama. Haikuuma sana.

Lakini ngumi sijui hata moja. Wiki moja tu imebaki! Ninajifunza kupigwa. Wengine wanalipa ili wasipigwe.

Jumanne, 2 Julai

Mama ametuma neno. Shangazi amefika, pombe imeivishwa. Kaijage amepita kuuliza viti vitapangwa wapi, kama mwenye nyumba. Mama anasema nisije kama naogopa, yeye atakwenda kwa dada yake Rubafu. Ameyasema kwa upole. Ndiyo yamenimaliza.

Ijumaa, 5 Julai

Basi lilisimama Kemondo. Meli ya Mwanza ilikuwa inapakia. Nina mjomba Mwanza. Nilishuka. Kweli nilishuka, mkoba mkononi, nikatazama ngazi ya meli. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo nimeitumia maisha yangu yote kama kitambulisho.

Kisha nikamwona Ta Rutta anakuja, kanzu nyeupe, koti, fimbo. Akasema anakwenda msibani kwa ndugu yake. Hakuuliza kwa nini nimeshuka. Akapanda basi, akanishikia nafasi.

Naandika nikiwa kwa Mama. Tumepita njia ya nyuma. Mama amempokea Ta Rutta kwa magoti, kama shemeji, bila mshangao hata kidogo. Kumbe alijua.

Jumapili, 7 Julai

Jana. Niandike kwa utaratibu.

Watu walijaa. Kiti cha Tata kilikuwa uani, mkuki umeegemezwa. Ilinibidi nitoke nje ya uzio, niingie kwa mlango mkubwa kama inavyotakiwa kwa mrithi. Kaijage akasimama mlangoni. Alikuwa amekunywa. Wazee wakatazama chini, balozi akatazama migomba.

Nikatembea. Ta Rutta alitembea ubavuni kwangu, mikono nyuma.

Kaijage akauliza nimemleta nani, bondia? Akampiga Ta Rutta mdomoni. Mtu aliyepigana mpaka Kampala. Aliiona ngumi ile tangu ilipokuwa begani, najua aliiona, na mikono yake ikabaki nyuma. Damu ikadondoka kwenye kanzu. Kaijage akacheka. Akavuta mkono tena.

Sikufikiri. Niliingia katikati. Mikono chini, kwa sababu hakuna alichonifundisha cha kufanya nayo. Nikauona mkono wote, vidole, ukucha mweusi wa dole gumba. Haukuwa mkubwa kama nilivyoufikiri. Ukanipata sikio la kushoto. Nikayumba. Sikuanguka. Na macho yalikuwa wazi, nikawa namtazama.

Hapo ndipo Shangazi alipopiga ukelele. "Kaijage! Umempiga omukago wa kaka yangu! Umemwaga damu yake kwetu!"

Wazee ambao hawakujua wakajua. Kaijage akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Uso ukabadilika rangi. Mama yake mzazi akatoka kati ya wanawake, akamshika shati, akamwondoa kama mtoto. Alikubali kuondolewa.

Nikaingia. Nikakaa. Wakanishikisha mkuki, ukatetemeka mpaka watu wote wakauona. Sijali. Nilikuwa nimekaa.

Jumamosi, 13 Julai

Mvua kidogo asubuhi, kisha jua. Nimekwenda Kemondo.

Kaijage alikuja hapo juzi na mbuzi, kutakaswa. Ta Rutta anasema alilala amejishika tumbo siku mbili mfululizo. Hajagusa mgomba tena. Mama amekata mkungu wake mwenyewe na kuniletea mjini.

Sikio la kushoto linavuma. Daktari amesema tusubiri. Ta Rutta anatafuna upande mmoja, jino limelegea. Tulikaa kwenye mbao, akabandika chai.

Nikamwuliza kwa nini walichanjana, yeye na Tata. Akasema walipigana wakiwa vijana, kwa jambo la kipuuzi ambalo hata halikumbuki. Yeye alikuwa na mikono, Tata hakuwa nayo. Alimpiga mara moja, sikioni, la kushoto. Halikusikia tena mpaka alipokufa. Tata hakumshitaki popote. Alikuja mwenyewe na buni mkononi, akasema tule, ili mikono hii isimfanyie mtu wa kwetu hivi tena.

Maisha yote nilidhani kugeuza shingo kwake ni unyenyekevu.

Maji yakaanza kuchemka. Ta Rutta akasema kitu kingine, sijui kuhusu Jumamosi ijayo, sikukisikia vizuri. Nikageuza shingo, sikio la kulia mbele.

Akanyamaza katikati ya neno. Akaniangalia mpaka maji yakafurika motoni. Kisha akaanza upya, taratibu.