Lebo ya Nondo wa Shemeji

Mshauri mpendwa, nakuomba msaada, nami nakiri mapema kwamba si mtu wa kuomba, kwani tangu nilipohitimu shahada ya elimu ya wadudu nimezoea kuwa mimi ndiye ninayeulizwa, na hata safu yako hii huisoma zaidi ili nione umekosea wapi. Lakini jambo lililonifika nimeligeuza juu chini, nimelitafutia hoja upande huu na upande ule, na kila hoja ninayoijenga husimama imara mpaka niisikie cherehani ya shemeji yangu ikianza kulia barazani, hapo hoja huporomoka.

Naishi kwa kaka yangu mkubwa, katika chumba kilichokuwa stoo, pamoja na kitanda, vitabu na masanduku kumi na moja ya nondo, yaani wale wadudu wenye mabawa wanaozunguka taa, ndugu wa kipepeo, niliowakausha na kuwachoma pini. Kaka ni fundi wa majokofu na hutoka alfajiri. Mkewe hushona sare za shule, na kwa miaka miwili ndiye aliyenilisha, akanivumilia na kunitania kama shemeji anavyostahili kutaniwa. Wateja wakimuuliza chumba kile kina nini, huwajibu, "Humo kuna daktari wa wadudu. Mgonjwa akiingia tu, anakufa."

Kwa miezi minane nilikuwa na sanduku lenye nondo thelathini na wawili wa kijivu, ambao wote niliwahesabu kuwa spishi moja ya kawaida, isiyomshangaza mtu, hadi asubuhi moja shemeji alipoingia kuutafuta mkasi wake, niliokuwa nimeuazima bila ruhusa, akainama juu ya sanduku.

"Hawa si kitambaa kimoja," akasema.

"Ni spishi moja, shemeji."

"Spishi sijui mimi. Nakwambia hawa wawili mshono wao umeruka." Akanionyesha mstari mweupe wa bawa, unaokatika mara mbili karibu na ukingo. "Wenzao wote umenyooka."

"Hiyo ni michubuko. Mabawa huchakaa."

"Yachakae mahali palepale, kulia na kushoto, kwa wote wawili? Niletee shati lililochakaa hivyo nikushonee bure."

Nilibishana naye nusu saa nzima, nikamtajia vitabu vitatu, naye akanisikiliza mkasi ukiwa mkononi, kisha akasema ana suruali arobaini za kukunja pindo, akaondoka. Kesho yake niliwaweka wale wawili chini ya hadubini na kuwapasua matumbo, maana spishi zinazofanana sana sisi huzitenganisha kwa viungo vya uzazi, nikagundua kwamba hawamo katika kitabu chochote wala orodha yoyote, kwamba ni wageni kabisa kwa sayansi. Nilipompa habari, shemeji hakuruka wala kushangilia, alisema tu, "Sasa kunywa chai, imepoa," na ndani ya wiki moja akaniletea wengine wanne aliowaokota asubuhi ukutani karibu na taa ya baraza, mmoja wao mzima, hajapungua hata unyoya, ambaye ndiye niliyemchagua kuwa kielelezo cha msingi, yule mmoja ambaye spishi nzima itapimwa kwake miaka yote ijayo.

Kosa lilianzia hapo. Chini ya pini ya kila mdudu huwekwa lebo ndogo yenye mahali, tarehe na jina la aliyemkusanya, nami, kwa kuwa sikuwahi kufikiri kwamba mtu mwingine angeweza kunikusanyia kitu cha maana, nilikuwa nimechapisha mapema lebo mia tatu zenye jina langu, nikiacha tarehe tu ya kujaza kwa kalamu, hivyo yule nondo wa shemeji nikamwekea mojawapo kwa mazoea, siku ya pili nikaiona, na sikuibadilisha. Halafu nikaandika makala kwamba "mwandishi alibaini tofauti hii alipokuwa akichunguza mabawa," na mwishoni nikaishukuru familia kwa uvumilivu wake. Jarida limeikubali, nakala ya mwisho ninayo mezani, nami natakiwa kuirudisha ikiwa imesahihishwa Jumatatu ya wiki ijayo. Zaidi ya hayo, mkuu wa hifadhi ya wadudu katika makumbusho, ambako nimeomba kazi ya kuwa msaidizi wake, aliisoma rasimu akasema mbele ya watu kwamba jicho langu ni adimu, nami nikatabasamu.

Najua utakalosema, kwa hiyo nakujibu kabla hujalisema. Kuona si kubaini. Wangapi wamemwona nondo huyu wakamfagia? Kurasa kumi na nne za maelezo, vipimo na michoro ni jasho langu. Lebo ikishawekwa haing'olewi, huo ni mwiko wa kazi yetu. Tena nimepata suluhisho: spishi bado inaweza kubadilishwa jina katika nakala hii, basi nitaiita kwa jina la shemeji, yeye afurahi, mimi nipate kazi, na hakuna atakayeumia. Ila yeye ametangaza kwamba Jumapili, kaka akiwepo na wazazi wetu wakiwepo, nitawasomea karatasi yote na kuwatafsiria neno kwa neno, "nisikie nondo wangu umewasema vipi." Nondo wangu, amesema, bila hata kufikiri. Mshauri, nimsomee nini?

Msomi wa Chumba cha Stoo

*

Msomi,

Pole, na hongera. Vyote viwili unavistahili, ila usivichanganye.

Nianze na hoja zako, kwa kuwa unazipenda kuliko usingizi. Unasema kuona si kubaini. Shemeji yako alilinganisha nondo thelathini na wawili, akataja tofauti, akaonyesha ilipo, na ulipomletea habari za michubuko akakupa sababu ya kuikataa. Kama huko si kubaini, chuoni mlikuwa mnafanya nini? Kurasa zako kumi na nne ni zako, hakuna anayekunyang'anya. Sentensi moja tu ndani yake si yako, na ndiyo inayokukosesha raha.

Habari ya jina imenikera zaidi. Zawadi hutoka katika mali ya mtoaji, mwanangu. Wewe unataka kumziba mdomo shemeji yako kwa nondo wake mwenyewe, kisha akushukuru.

Kuhusu lebo isiyong'olewa, mimi wadudu siwajui, ninachojua ni sweta zangu kutobolewa. Nikampigia simu rafiki yangu anayetunza mimea iliyokaushwa. Akacheka. Kumbe lebo ya zamani huachwa ilipo, na chini yake huongezwa nyingine yenye masahihisho, tarehe na jina la aliyesahihisha. Ulilijua hilo ulipokuwa ukiniandikia. Usinichezee.

Sasa nikupe moyo, maana sababu ipo. Makala haijatoka. Wengi huniandikia mlango ukiwa umeshafungwa na funguo zimetupwa. Wako uko wazi, na una siku za kutosha kuupita kwa miguu yako. Na mtu mwovu hasumbuliwi na sauti ya cherehani.

Fanya hivi. Leo, kabla ya Jumapili, mwendee shemeji yako peke yake, asiwepo kaka wala mteja. Usianze na maelezo ya jinsi sayansi inavyofanya kazi. Mwambie, "Wewe ulimwona, wewe ulimkusanya, mimi nikaandika jina langu." Kisha nyamaza. Najua hilo ndilo litakalokutoa jasho. Akikasirika, ana haki. Akikutania, pokea. Muulize anataka atajwe vipi, na kama angependa mdudu aitwe kwa jina lake, kwa sababu si kila mtu angependa, mimi nisingependa.

Usiku usiingie hujamwandikia mhariri. Sentensi irekebishwe: nani alibaini, nani alikusanya. Lebo ya pili iandike kwa mkono wako, nawe uweke jina lako, kama aliyekosea na aliyesahihisha.

Kesho nenda kwa huyo mkuu wa makumbusho, umwambie kwamba jicho alilolisifu liko barazani linashona sare. Huenda ukakosa kazi, sitakudanganya. Lakini anatafuta mtu wa kumkabidhi masanduku ambayo thamani yake yote imo katika lebo, na kijana aliyekuja mwenyewe kusahihisha yake, kabla hajaulizwa, si wa kuachwa kirahisi. Mimi ningekuajiri, kisha ningekupunguzia maneno.

Jumapili wasomee yote, polepole, na utafsiri vizuri. Shemeji yako akikukatiza kusema kwamba bawa halikuwa hivyo, usibishane naye. Chukua kalamu.